Ngozi Mbichi

Mimi ni daktari wa mifupa, na mfupa wa kwanza kupita mikononi mwangu niliuvunja mwenyewe. Niliuvunja kwa mpini wa jembe, asubuhi kweupe, mbele ya watu. Wale wanaopenda habari za mtoto aliyemwona daktari mwema akatamani koti jeupe, watafute mzee mwingine wa kuwasimulia. Mimi sikuota ndoto wala sikuitwa na Mungu. Nilifika kwenye kazi hii kwa kupiga na kupigwa, na kama hilo linakukera, hata mimi linanikera.

Ilikuwa mwaka 1951, wakati wa Mwingereza, kijijini Mahongole, karibu na Makambako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, sina kazi, nina mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na fundi wa mipini na vigoda. Kwake nilijifunza ufundi mmoja barabara, nao ni kufunga. Mpini ukipasuka, au mguu wa kigoda ukilegea, unakata mkanda wa ngozi ya ng'ombe, unauloweka mpaka ulainike, unauzungusha kwa nguvu zako zote, kisha unauacha ukauke. Ngozi mbichi ikikauka hunywea, na ikinywea hushika kuliko msumari. Watu walileta mipini kutoka vijiji vya mbali, wakisema kitu alichofunga Enoki, yaani mimi, hakifunguki mpaka kioze. Nilipenda sana kusikia hivyo.

Nilipenda pia ulanzi. Masika mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukawekewa chini yake kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta, na pombe ikadondoka humo yenyewe, tamu asubuhi na kali jioni. Kwa Walutheri wa baba yangu hiyo ilikuwa dhambi, kwa hiyo nyumbani hatukuwa na mianzi hata shina moja. Wakatoliki hawakuwa na shida hiyo. Odilo, rika langu, mwana pekee wa mjane Paskalina, alikuwa na mianzi iliyotoa ulanzi mzuri kuliko yote Mahongole, na kwa siku tisa mfululizo nilimtangulia asubuhi nikazikausha mbeta zake.

Siku ya kumi akanikuta mbeta iko mdomoni. Alikuwa na kisu chake cha kuchongea mianzi. Njiani walikuwa wakipita wanawake waendao shambani, naye akanisalimu kwa sauti kubwa ili wasikie.

"Kamwene, mwana wa mzee wa kanisa! Kwenu ulanzi ni dhambi. Na kuiba je, mmeruhusiwa?"

Wanawake wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonitia wazimu, si maneno yake. Nikamzaba kofi. Odilo akakitupa kisu chake kwenye majani, akasema hanichinji, ananifunza adabu, na ngumi yake ya kwanza ikaning'oa jino. Mtu aliyetupa kisu makusudi ili asinidhuru, ndiye huyo niliyemgeukia na mpini wa mkaratusi niliokuwa nampelekea mteja. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata muundi wa mguu wa kushoto, na nikasikia mlio, kama mwanzi mkavu ukikanyagwa. Akaanguka. Nikampiga tena mbavuni akiwa chini. Hilo la tatu, miaka yote nikisimulia, huwa naliruka. Leo naliandika.

Jumbe hakupoteza muda. Walinilaza kifudifudi mbele ya baraza lake nikachapwa viboko kumi na viwili, na tarishi aliyechapa alikuwa mtu wa upande wa Paskalina, kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichokwenda upande. Mama yangu alilia, baba hakulia. Wazee waliokaa pale walirudia mmoja baada ya mwingine kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mmoja akasema safari hii guu lililovunjika ni la mwingine, wakacheka tena. Kisha jumbe akatoa hukumu yenyewe.

"Huyu kijana hana baba wala ndugu," alisema. "Umemvunja, basi wewe ndiye mguu wake. Utamhudumia, utamlimia, utamchotea maji. Utakuwa wake mpaka siku atakaposimama hapa mbele yangu na kusema kwa kinywa chake, nimepona. Kabla ya hapo hutoki Mahongole kwenda popote bila idhini yangu."

Nilidhani nimeponea chupuchupu. Mfupa ni mti, nilijiambia, na nani anajua kufunga mti kunishinda mimi?

Nilimfunga siku ile ile. Nilichonga vibanzi vinne vya mwanzi, nikavipanga kuzunguka muundi, nikaloweka mkanda wa ngozi, nikauzungusha kuanzia chini ya goti hadi kifundo, huku nimeegemeza unyayo wangu kwenye goti lake nipate kuvuta vizuri. Odilo aliuma kipande cha gunia asipige kelele. Mama yake alisema namna ninavyovuta haipendi. Nikamwambia, "Mama Paskalina, ukiniletea mpini, huwa unanifundisha?" Kwa kuwa masika yalikuwa yanakwisha na baridi ya Mahongole ilishaanza kuuma, tukamlaza karibu na moto.

Fikiria vizuri hapo: mguu unaovimba, ngozi inayonywea, na moto wa kuikausha haraka.

Kufikia jioni alikuwa anaomboleza. Kesho yake alikuwa anapiga mayowe, na mayowe yake yalisikika hadi kisimani. Mtu mzima, aliyepigana nami bila hofu, alikuwa ananishika nguo na kuniomba. "Enoki, legeza kidogo. Kidogo tu, ndugu yangu." Nikamwambia mfupa uliovunjika unauma, avumilie kama mwanaume. Siku ya pili Paskalina alikuja na kisu akate mkanda mwenyewe. Nilimnyang'anya. Nilimsukuma mama wa watu ukutani, nikamfokea, "Ukilegeza mfupa utahama, mwanao atakuwa kilema, halafu mtasema ni mimi!" Alikaa chini pale alipoangukia, akafunika uso kwa kanga.

Siku ya tatu mayowe yakakoma. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimwambia Paskalina, si unaona, dawa inafanya kazi. Siku ya nne vidole vya mguu vilikuwa vyeusi na nyumba nzima ilikuwa inanuka.

Tulimbeba kwa machela hadi Makambako, mama yake akifuata nyuma, na hapo nikapiga magoti mbele ya dereva wa lori la mizigo mpaka akatuchukua. Safari ya Njombe kwa tope lile ilikula siku nzima. Hospitali ya serikali ilikuwa na daktari mmoja Mzungu, mtu mrefu asiyependa maneno, na dresa mmoja mkuu, mfunga vidonda, aliyeitwa Danieli, Mkinga wa Tandala, mfupi, mwenye ulimi mkali. Danieli aliukata ule mkanda kwa mkasi mkubwa, na haukukubali kukatika hadi alipotumia mikono miwili. Ulikuwa mgumu kama bati. Chini yake nyama ilikuwa imeingia ndani mfereji mfereji.

"Nani kafunga hivi?" akauliza.

"Mimi," nikasema, na naona aibu kusema kwamba sauti yangu ilikuwa na majivuno kidogo, kwa mazoea.

Danieli akanitazama. "Mfupa huvimbisha mguu kwanza, lazima uuachie nafasi. Wewe umefunga mpini. Mpini hauvimbi, bwana. Umeunyonga mguu wa mtu mpaka ukafa."

Daktari alisema mguu utakatwa juu ya goti, leo hii, la sivyo Odilo hafiki kesho kutwa. Mhudumu aliyezoea kushika alikuwa anaumwa, na Danieli alihitajika kichwani kudondosha dawa ya usingizi. Daktari akanionyesha kwa kidole. "Wewe mwenye mikono mikubwa. Njoo ushike."

Nilishika. Sitaki kukueleza yote, lakini nitakueleza kiasi, kwa sababu ndipo nilipoanzia. Nilimwona daktari anakata nyama kwa mzunguko mmoja, haraka, bila kutetemeka. Niliona mishipa ikibanwa na kufungwa kwa uzi, mmoja mmoja, polepole, kwa upole, na mtu yule yule aliyekuwa anakata mguu. Kisha msumeno. Nilikuwa nimepasua mbao maisha yangu yote, na sauti ilikuwa ile ile, hata unga ulikuwa unadondoka. Halafu ghafla uzito wote ukanijia mikononi, na nikawa nimesimama katikati ya chumba nimeushika mguu wa Odilo, wenyewe, peke yake. Ni mzito sana mguu wa mtu. Sikuzimia. Danieli aliniambia baadaye kwamba alitegemea nianguke na alikuwa ameshaandaa matusi.

"Kauzike nyuma ya jiko," akaniambia. "Na uchimbe chini, mbwa wa hapa wana njaa."

Nilichimba kina cha kiuno. Nikiwa shimoni, Paskalina alitokea nyuma yangu na mwiko mkubwa wa jikoni, akanipiga kichwani, mgongoni, usoni, popote ulipofika, mpaka mwiko ukavunjika, kisha akaendelea kwa mikono na kucha. Sikujikinga. Nilikuwa natamani aendelee, maana alipoacha ndipo nilipoanza kulia.

Tulikaa Njombe miezi mitatu. Hukumu ya jumbe ilikuwa bado shingoni mwangu, kwa hiyo nililala chini ya kitanda cha Odilo, nikampikia, nikamfulia, nikamwaga choo chake. Hakuniongelesha. Alikuwa ananitupia vyombo. Siku moja alinipasua paji la uso kwa kikombe cha bati. Danieli alinishona jeraha hilo huku ananifundisha namna ya kushona, kwa sababu alikuwa mtu asiyependa kupoteza nafasi. Baada ya wiki chache nikaanza kumsaidia wodini. Ilikuwa nyakati za ajali nyingi: miti inaangukia watu, mikokoteni inapinduka, watu wanapigana kwa marungu vilabuni, chui anamburuza mchunga mbuzi kwa mkono. Kila mfupa ulioingia nilijisogeza karibu.

Danieli alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Kila aliyefungwa, alimbana ukucha wa kidole gumba, ukawa mweupe, akauachia. Wekundu ukirudi upesi, akaenda kwa mwingine. Ukichelewa, alikata bandeji zote palepale, hata kama alizifunga mwenyewe dakika kumi zilizopita, hata kama daktari anamwita. "Bana, achia, tazama," alikuwa akiniambia. "Ukiona aibu kufungua ulichofunga, rudi ukafunge majembe." Nilifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa kila mgonjwa, kama mtu anayesali rozari ingawa mimi ni Mlutheri. Na kila jioni niliporudi kwa Odilo, hakukuwa na ukucha wa kubana.

Muda wote huo daktari alikuwa ananitazama. Siku Odilo aliporuhusiwa kutoka, daktari alinipa barua. Alikuwa ameniandikia Dar es Salaam, kwenye kozi ya waganga wasaidizi itakayoanza Januari, na wamekubali. Kilichobaki ni barua ya jumbe wangu ya tabia njema na ruhusa ya kuondoka. "Danieli anasema wewe ni mjinga mwenye mikono mizuri," alisema. "Ujinga tunaweza kuutibu."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kozi ile. Nilitaka kujua kila mfupa, kila mshipa, kila njia ambayo damu hupita kwenda kwenye kidole. Nilitaka kwa njaa ya mtu aliyefanya kosa asilolielewa vizuri.

Jumbe aliisoma barua akairudisha. "Hukumu unaijua. Odilo amesema amepona?"

"Jumbe, mguu hauko. Atasemaje amepona?"

"Hilo ungelifikiria ulipokuwa unazungusha ngozi," akasema. "Nenda kaongee naye."

Nilikwenda. Odilo alikuwa amekaa mlangoni, gongo lake la kutembelea kando. Nilimweleza yote, na nilipomaliza akacheka kwa mara ya kwanza tangu masika, kicheko kibaya.

"Unataka kuwa daktari. Kwa mguu wangu."

Alinifukuza. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Nikawa nalima shamba lake mchana na kumwomba jioni, Agosti nzima. Mara mbili hasira zilinipanda nikataka kumtikisa, na mara zote mbili mikono yangu ilikumbuka uzito ule. Mwanzoni mwa Septemba, asubuhi moja, akaniita mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, na Paskalina yuko pembeni anapembua maharage kwenye ungo. Mapajani mwake Odilo alikuwa na shoka.

"Mimi siwezi kusema nimepona," alisema. "Lakini naweza kusema tumelingana. Jumbe ataelewa. Lete mguu."

Nilimtazama mama yake. Hakuinua macho kutoka kwenye maharage. Nikafikiria Januari, nikafikiria mkanda ule mgumu kama bati, na nikaona kwamba anaomba haki yake. Liwalo na liwe, nikasema moyoni. Nilikaa chini, nikalaza mguu wa kushoto juu ya gogo.

Hakutumia makali. Aligeuza shoka akanipiga kwa kisogo chake, mara moja, kwa mabega yote mawili. Sauti ilikuwa ile ile niliyoijua. Maumivu yalichelewa kidogo, na kabla hayajafika nilishawaza kwa akili ya Danieli: mfupa mmoja, katikati ya muundi, ngozi haikupasuka. Kisha yakafika, nikapiga kelele hadi kuku wakatoka nje.

"Sasa nikufunge," Odilo akasema.

Aliingiza mkono nyuma ya kigoda akavuta ndoo. Ndani ya maji kulikuwa na mkanda wa ngozi ya ng'ombe, mlaini, mweupe, umelowa vizuri.

Hapo nilipigana. Nimeshakwambia mimi ni mtu wa hasira, lakini ile haikuwa hasira, ilikuwa hofu, na hofu ina nguvu zaidi. Nilimpiga ngumi ya taya, nikamng'ata mkono. Lakini mguu uliovunjika ukiguswa hukunyang'anya nguvu zote, na yeye aliugusa. Alinikalia kifuani akiwa amenipa mgongo, akazungusha ngozi kutoka goti hadi kifundo, akivuta kama nilivyovuta mimi. Alikuwa amenitazama vizuri siku ile, kumbe. Akanisogeza karibu na moto, kisha akakaa kati yangu na mlango, shoka mapajani.

Ilikuwa yapata saa nne. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwanzoni ilikuwa kama kushikwa na mkono wa mtu mwenye nguvu. Kufikia saa tano mkono ule ulikuwa unakaza na haupumziki. Maumivu ya mfupa nikayasahau kabisa. Haya yalikuwa maumivu mengine, yanayotoka ndani ya nyama, yanayopanda na kupanda na hayana kilele. Nilielewa kwamba Odilo hakuwa analialia kwa ajili ya mfupa. Siku zile alikuwa akiniambia kitu cha kweli, kwa maneno wazi, nami nikamwambia avumilie.

Niliinama nikabana ukucha wangu wa kidole gumba. Ukawa mweupe. Nikauachia. Ukabaki mweupe.

"Odilo," nikasema, "damu haifiki. Tazama. Bado muda upo, lakini si mwingi."

"Nitazame nini? Wangu wewe uliutazama?"

"Vidole vitakufa ganzi. Baada ya hapo nitanyamaza, na utadhani nimepata nafuu. Kumbe ndiyo mguu unakufa."

Akauliza, kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana siku ya tatu sikusikia kitu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwambia mama dawa inafanya kazi."

"Ndiyo, Odilo."

Akainuka kwa gongo akaongeza kuni kwenye moto.

Kuanzia hapo sikuwa na maneno tena. Nilipiga mayowe. Nilimwita baba, nilimwita Danieli, nilimwita Yesu, nilijikunyata na kugaragara, nikajisaidia nguoni. Nilimwambia legeza kidogo, kidogo tu, ndugu yangu, na maneno yalipotoka nikatambua yalikuwa ya nani. Jua lilipita utosini. Wanawake walikusanyika nje, wakasikiliza, na hakuna aliyeingia.

Ni Paskalina aliyeshindwa. Ungo ulimwanguka maharage yakatawanyika, naye akaziba masikio.

"Kata, mwanangu," akasema. "Kata. Kelele hizi siwezi kuzisikia mara mbili."

"Huyu alikusukuma ukutani, mama."

"Alinisukuma. Wewe usinisukume."

Odilo alikaa kama jiwe. Nilikuwa namwona kupitia machozi, nikiwa nimeshakata tamaa. Mimi niliwahi kumkatalia mama huyu huyu, ombi hili hili. Mwanawe hakumkatalia. Alichomoa kile kisu chake cha mianzi, akakiingiza chini ya ngozi, akakata, pindo baada ya pindo, na damu iliporudi mguuni nilizimia, mimi ambaye sikuzimia Njombe.

Nilipopata fahamu alikuwa ameshika vibanzi vinne, hajui avianzie wapi.

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha. Mama yake apasue kanga kuukuu, kavu. Pamba au majani laini yatangulie, vibanzi vifuate, vidole vibaki nje. Usivute kwa kuegemeza unyayo kwenye goti, vuta kwa mkono tu. Acha nafasi ya kuvimba. Bana ukucha, achia, tazama. Alibana ukucha wangu siku ile mara labda hamsini. Wiki nzima ya kwanza alifungua na kufunga upya kila asubuhi, akinitukana mimi na ukoo wangu wote, na kila wekundu uliporudi alishusha pumzi.

Baba alitaka kunichukua, nikakataa. Nilikaa nyumba ile Septemba mpaka Desemba, Paskalina akinilisha ugali bila kuniangalia. Siku moja mwezi wa Novemba alimleta jirani aliyetegua kifundo, akamwonyesha Odilo, si mimi. Odilo akamfunga vizuri kabisa.

Wiki ya Krismasi nilisimama. Mfupa ulikuwa umeshika, umepinda kidogo, lakini umeshika. Tulikwenda kwa jumbe watu wawili wenye miguu mitatu, na Odilo akasema mbele ya baraza kwamba hana deni nami. Jumbe alimwambia hilo silo neno aliloagiza. Odilo akajibu kwamba jumbe akitaka neno jingine akamtafutie na mguu. Barua ikaandikwa.

Siku ya safari Odilo alinisindikiza hadi Makambako, ambako lori la Iringa lilikuwa linajaza abiria. Sikumwomba anisindikize. Njia nzima alikuwa akitazama mguu wangu, namna unavyokanyaga, namna unavyobeba mwili. Tulipofika kando ya lori aliegemea bodi, akainama, akapandisha suruali yangu bila kuniuliza. Alipapasa muundi polepole kutoka chini kwenda juu. Alipofika mahali mfupa ulipounga, pale penye kinundu, vidole vyake vikatulia.

"Miezi minne," akasema.

"Karibu minne."

"Wangu ulivunjika hivi hivi? Au ulivunjika vibaya zaidi?"

Nilijua anachouliza. Nilikuwa na uongo tayari. Ningesema wako ulikuwa vipande vipande, ungekatwa tu, hata daktari alisema. Ungekuwa uongo wa huruma, na hakuna ambaye angeugundua hadi leo. Lakini neno moja la kufariji lisilo la kweli nilishamwambia mama yake, siku ya tatu ile, na niliona lilivyomfanya mwanawe.

"Ulivunjika hivi hivi," nikasema. "Kama ningeufunga kama ulivyonifunga wewe, ungekuwa umesimama juu yake sasa hivi."

Aliinuka taratibu. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nilidhani atanipiga kwa gongo, na nilikaa tayari. Badala yake akanitemea mate usoni, mate mazito, mbele ya abiria wote. Sikujifuta. Kisha akaliinua sanduku langu la bati kwa mkono mmoja, akalirusha ndani ya lori.

"Panda," akasema, uso ameugeuzia Mahongole. "Panda upesi, Enoki, kabla sijaanza kulifikiria hilo."

Nikapanda.